Mfalme wa Jumba la Mahindi

Mfalme aliyekuwa maiti kwa miaka elfu moja na mia saba alikohoa, akavuta hewa puani, akauliza: "Nani anachoma mahindi?"

Hapakuwa na anayechoma mahindi. Ukumbini walikuwamo watu wawili tu, Mhandisi Otmari Mbawala na Dokta Mbuke Lushinge, na harufu pekee iliyokuwapo ilikuwa ya nyaya mpya. Hata hivyo Otmari, mtu mzima mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, aliruka juu akapiga makofi. Mfu akiuliza habari za chakula, ujue mtambo unafanya kazi.

Mtambo wenyewe uliitwa kifufuo. Kwa umbo ulifanana na chungu cha pombe cha ukoo mkubwa, ila ulikuwa wa kioo cheusi. Unatia ndani kipande cha mfupa, vumbi la kaburi, na picha za maandishi yaliyochongwa kwenye mawe. Akili mnemba iliyomo inayachemsha yote pamoja. Na juu ya mfuniko anasimama mtu wa nuru, na kovu lake, na jino lake bovu, na urefu uleule aliozikwa nao. Ukimgusa, mkono unapita. Ukimuuliza, anajibu.

Mambo haya yalikuwa Songea, ingawa si Songea hii unayoijua wewe. Songea hiyo magari ya kuning'inia kwenye waya yalipita juu kwa juu kati ya vilele vya Matogoro, mvua iliagizwa ikanyesha Alhamisi, na mji mzima ulikuwa umetajirika kwa mahindi. Waliyala, waliyaendeshea mitambo, hata vitasa vya milango vilifinyangwa kwa unga wake. Sasa watu wakishashiba sana huanza kutafuta asili ya shibe. Wakuu wa mji wakakumbushwa kwamba mahindi hayakuzaliwa Ruvuma. Yalitoka mbali huko ng'ambo, nchi za Wamaya. Wakasema: tujenge Jumba la Mahindi, na mmoja wa wafalme wa mwanzo wa Wamaya aje kulifungua. Wengine wakitaka mgeni rasmi wanamwita waziri. Wao wakamwita marehemu.

Jina lake lilikuwa Yash Muyal. Dokta Mbuke, aliyesoma mawe ya Wamaya tangu ujana, alisema maana yake ni Wingu la Kwanza.

"Karibu, Mtukufu," Otmari alisema, akiinama. "Umefika salama."

Mfalme hakuonyesha kushangaa hata kidogo. Alitazama taa, akatazama dari, kama mtu aliyeitwa kwa jirani. "Nani ametoboa ulimi?" aliuliza.

"Samahani, Mtukufu?"

"Mimi nilipotaka kusema na babu yangu, nilitoboa ulimi kwa mwiba wa samaki taa. Damu ikadondokea karatasi ya magome, karatasi nikaichoma, na babu akatoka ndani ya moshi. Leo mmeniita mimi. Nauliza ni nani ametoka damu."

"Hakuna, Mtukufu. Siku hizi tunatumia umeme."

"Mfu hainuki bure," alisema mfalme.

Mbuke aliziba mdomo asicheke. "Mtani," alinong'ona, "mfalme wako anaongea kama Mngoni aliyenyimwa pombe."

"Kiswahili nimemwazima mimi. Ulitaka aongee kama Msukuma? Mfalme mzima aagize michembe ya viazi?"

"Michembe ingemtia akili. Wewe ni mateka wangu, usijibu sana."

Wangoni na Wasukuma ni watani. Zamani walipigana mpaka wakachoka, na waliochoka kupigana wakabaki kutukanana kwa mapenzi, na matusi hayo yakadumu kuliko falme. Katika mji ule yalikuwa karibu kitu pekee kilichokuwa bado kinasemwa kwa mdomo. Maana kila mtu alivaa kifuani kidude kiitwacho kisalimio. Mkikutana, vidude vinasalimiana vyenyewe: shikamoo, marahaba, za nyumbani, njema, watoto je, hawajambo. Yote hayo kwa mlio mmoja mwembamba kama wa mbu, nanyi mnapitana bila kugeuza shingo. Otmari aliamkiwa kutwa nzima na hakuna aliyemwambia neno. Mbuke alipokuwapo mjini alizima kisalimio chake makusudi ili amtukane vizuri, lakini alisafiri mno. Na mke wa Otmari alikuwa amepata kazi Mwezini, mkataba mfupi. Mkataba mfupi wa Mwezini ni kama ile "njoo kesho" ya fundi cherehani.

Kwa hiyo usimcheke Otmari kwa kumpenda mfalme. Mfalme hakuwa na kisalimio. Ilibidi aamkiwe kwa sauti, na yeye alijibu.

Kila asubuhi mhandisi alifungua ukumbi, akavaa kofia ya kuazimia hisia, akakaa kwenye kigoda mbele ya kifufuo. Kofia hiyo, aliyoibuni mwenyewe, ilikuwa siri ya kazi yote. Mfupa unaweza kusema mtu alikuwa na goti bovu, lakini hauwezi kusema goti linauma vipi siku ya baridi. Jiwe linasema alitawazwa siku fulani. Halisemi koo lilimkauka namna gani. Basi mtu hai huvaa kofia, kofia husoma ndani yake kiu, baridi, aibu, usingizi, na kifufuo kinanakili. Kinanakili tu, Otmari aliwaeleza wakuu wa mji, kama mtu anayenakili wimbo kwa kuusikiliza. Mwimbaji hapungukiwi.

Ndivyo alivyoamini, tena kwa moyo safi.

Na mfalme alisimulia. Alisema alitawazwa angali mtoto wa kucheza na mbwa. Walimfunga utepe mweupe kichwani wenye jiwe la kijani, na tangu asubuhi hiyo hakuna aliyemgusa ila kwa kumvika. Hakuna aliyemtazama usoni. Chakula alikula peke yake nyuma ya pazia, akisikia wenzake wa rika lake wakicheza mpira uwanjani, na alijua nani kafunga kwa kusikiliza kelele. Alijenga hekalu juu ya kaburi la babu yake, ngazi juu ya ngazi, mpaka juu kabisa ambako ndege walipita chini yake. "Nilipofika juu," alisema, "nilitaka kumwambia mtu kwamba ni pazuri."

"Ukamwambia nani?"

"Nilikuwa na kibete mmoja, ndiye pekee aliyeruhusiwa kunicheka. Alikuwa amekufa mwaka huo."

Otmari aliinamisha kichwa. Nyumbani kwake, ghorofa ya juu kabisa, kulikuwa na dirisha lililoonyesha Matogoro yote, na roboti wa jikoni aliyesema "pole na kazi" kila mlango ulipofunguliwa, hata ukifunguliwa na upepo.

Jambo moja tu mfalme hakulijua. "Mama yangu aliitwa nani?" aliuliza siku za mwanzo, na aliuliza tena kesho yake, na tena. Dokta Mbuke alieleza kwamba lipo jiwe lenye nasaba yake, lakini mahali pa mama pameparuliwa kwa patasi. Huenda alitoka mji wa maadui, wakamfukuza siku mwanaye alipokalishwa kitini. Mfalme alisikiliza, akasema, "Nakumbuka walinigeuza uso nisione anapoondoka. Sikumbuki alichokuwa amevaa. Sikumbuki chochote." Siku hiyo Otmari hakuvua kofia hadi ukumbi ulipofungwa. Aliona haya kumwacha.

Muda ukapita. Kisha asubuhi moja alimkuta mfalme anang'aa kuliko kawaida.

"Nimemkumbuka," mfalme alisema. "Keti, mwenye kofia. Nilikuwa mdogo. Mama alikuwa anachoma mahindi mabichi. Akanipa hindi dogo kuliko yote. Nikasema, na lile? Akasema, 'Kubwa la mgeni.' Mgeni mwenyewe haonekani! Nikanuna, nikakaa mlangoni nimewapa mgongo. Mbuzi akaja taratibu kwa nyuma, akanipokonya hindi langu. Mama akavua kiatu, akamkimbiza mbuzi mpaka bondeni, anamtukana yeye na ukoo wake. Akarudi anahema, kiatu kimepotea. Akachukua lile kubwa akalipaka chumvi, akanipa. 'Mgeni mwenyewe ni wewe,' akasema."

Mfalme alicheka. Alicheka kwa sauti ya mtu ambaye hajafanya mazoezi ya kucheka, na Otmari naye akacheka mpaka akajifuta macho. Akamtaka airudie. Ikawa desturi yao; kila asubuhi kabla ya kazi, ile ya mbuzi.

Siku chache kabla ya ufunguzi Mbuke akarudi safarini. Aliingia ukumbini na mkoba wake begani.

"Njoo usikie, mtani," Otmari alimwita. "Tumepata mama yake! Mtukufu, msimulie."

Mfalme akasimulia. Otmari alicheka palepale pa kucheka. Mbuke hakucheka. Mwanzoni alikunja uso kama msomi, mwishoni alikuwa na uso wa mtu aliyeona nyoka kitandani.

Alimshika Otmari mkono, akamtoa nje barazani.

"Wamaya hawakuwa na mbuzi," alisema.

"Hawakuwa?"

"Walikuwa na mbwa na bata mzinga. Mbuzi aliletwa na meli za Wazungu, mfalme huyu keshaoza zamani. Otmari, hujawahi kuisikia hadithi hiyo?"

"Kwake tu. Nzuri, au siyo? Yule mama angefaa kuwa Mngoni."

Halafu, palepale barazani, msomi yule mwenye shahada za kujaza ukuta alivua kiatu, akakiinua juu, akaanza kuzunguka nguzo kwa mbio za kichovu za mwanamke mnene, akihema, akimtukana mbuzi asiyeonekana. Watu waliokuwa wakipita waligeuza shingo, jambo lisilo la kawaida mjini humo.

"Umerukwa na akili, mtani?"

"Hukumbuki?" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilifanya hivi Likuyufusi, msibani kwa mama yako. Nilivaa khanga yake na kilemba chake, kama watani wanavyopaswa, nikamwiga mbele ya jeneza. Watu waliokuwa wanalia wakaangua kicheko. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, ukanilipa kuku. Hadithi hiyo ulinisimulia wewe, Otmari. Huyo ni mama yako, Kresensia."

Otmari alifungua mdomo kumbishia. Akamtafuta mama yake kichwani. Aliikuta nyumba, akaukuta mlango, akalikuta jiko la mafiga matatu lililokuwa limezima. Mtu hakuwapo. Palikuwa laini tu, pameparuliwa.

Walikifungua kifufuo mchana kutwa, wakafuata nyuzi-fikra moja moja. Ilikuwa rahisi kuelewa, na kwa sababu hiyo iliuma zaidi. Akili mnemba iliagizwa isiache tundu katika maisha ya mfalme. Nakala iliyochukua kwa Otmari ilikuwa hafifu, haikuziba. Basi ikachukua yenyewe, kumbukumbu nzima pamoja na mizizi. Haikuwa na ubaya. Hakuna aliyekuwa ameikataza.

"Rudisha," alisema Mbuke.

"Hairudi kwa nguvu. Nikiukata uzi utachanika, tutamkosa mama, mimi na mfalme. Mpaka mwenyewe aachilie kwa hiari yake."

"Basi mwombe."

Otmari alienda kumwomba. Alikaa kwenye kigoda bila kofia. Alitengeneza koo, akaanza, "Mtukufu, kuna neno..." Mfalme akamwinamia kwa furaha: "Ile ya mbuzi?" Na mhandisi akasema ndiyo, ile ya mbuzi. Akasikiliza habari za mwanamke asiyemjua akikimbiza mnyama bondeni, na moyoni alijua kwamba huyo ndiye mtu aliyempenda kuliko wote duniani, kwa sababu alikuwa ameambiwa hivyo.

Mbuke alikuwa amesimama mlangoni. Akaja mbele, mikono kiunoni.

"We mfalme," alisema, "huoni aibu? Umevaa mama wa watu!"

"Mbuke!" Otmari alisimama.

"Kaa chini, mateka. Sisemi na wewe."

Mfalme aliganda. "Huyu ni nani anayenitazama usoni?"

"Mtani wa huyu mwenye kofia," alijibu Mbuke. "Kwetu mtani anasema lisilosemeka na hapigwi. Ninyi mlikuwa na vibete. Sasa nisikie. Kwenu hakukuwa na mbuzi, hata mmoja. Mama yako alifutwa na watu wako. Huyo unayemchekelea ni mama wa huyu mzee, mimi nimemzika, nimevaa nguo zake. Ulipokuja uliuliza nani ametoka damu. Haya, ndiye huyo hapo. Hakujua kama anatoka."

Mfalme aliangalia mikono yake ya nuru, akaigeuza upande wa pili.

"Ulisema ni umeme," alimwambia Otmari.

"Nilidhani ni umeme, Mtukufu."

Kesho yake mfalme alikuwa bado anaitazama mikono hiyo.

Siku ya ufunguzi Jumba lilijaa mpaka ngazini. Visalimio vilivuma kama mzinga wa nyuki. Mkurugenzi wa Jumba, bwana mmoja mnadhifu aliyekuwa ametangaza kila mahali kwamba mfalme atamtaja mama yake kwa mara ya kwanza tangu jina lake liparuliwe, alipanda jukwaani. Waliandaa hata jiwe jipya na roboti mchongaji, patasi mkononi, akisubiri herufi.

"Mtukufu Yash Muyal," alisema mkurugenzi, "dunia inasikiliza. Mama yako alikuwa nani?"

Mfalme aliwatazama wote. Hakuwahi katika uhai wake kuona nyuso nyingi zikimtazama. Kisha akamtafuta Otmari, aliyekuwa amejibanza kwenye nguzo ya nyuma na mtani wake.

"Kwetu," alisema polepole, "mfalme ndiye anayetoboa ulimi. Watu wake hawatobolewi. Nilipokuwa mfalme nilijua hivyo. Nilipokuwa mwana wa mtu, nilisahau kidogo." Akafumbua viganja vyake vya nuru. Kitu kilipita usoni mwake, kama kivuli cha ndege. "Mlikuwa mnaniuliza nini?"

"Mama yako, Mtukufu. Jina lake."

"Sijui," alisema mfalme. "Niligeuzwa uso."

Watu wakaguna. Patasi ya mchongaji ikashuka. Kule nyuma, Otmari alishika nguzo kwa mikono miwili, kwa maana mdomo ulikuwa umemjaa chumvi na mahindi ya moto, na mtu mnene alikuwa anapanda kutoka bondeni akihema, mguu mmoja peku.

"Kapoteza kiatu," alisema. "Mbuke, kapoteza kiatu."

"Cha kushoto," alisema Mbuke. "Ulie vizuri, watu wanatazama."

Watu hupenda mfu mwenye habari. Baada ya miezi michache wageni walipungua, watoto wa shule wakapelekwa kwingine, na Jumba likabaki na mfagiaji wa chuma akizungukazunguka. Mbuke akasafiri tena. Wakuu wa mji waliuliza kama kifufuo kizimwe. Otmari aliwajibu kwamba kuzima kuna taratibu ndefu sana za kiufundi, akazitunga papo hapo, nao wakachoka kusikiliza.

Alasiri moja ya mvua ya Alhamisi aliingia ukumbini bila kofia na bila kisalimio, kabeba karai dogo la makaa. Akaketi kwenye kigoda, akachoma mahindi mawili. Yalipoiva alilipaka lile kubwa chumvi, akaliweka juu ya mfuniko wa kifufuo, miguuni pa mfalme ambaye hawezi kula.

"Harufu hii naijua," alisema mfalme. "Hili ni la nani?"

"Kubwa la mgeni," alisema Otmari, akachukua lile dogo. Akaanza kumsimulia habari za mama Kresensia wa Likuyufusi tangu mwanzo, bila haraka, kama mtu anayemgawia ndugu yake. Alipofika kwenye mlango na mtoto aliyenuna, mfalme alikuwa ameinama, mikono magotini, hataki neno limpite.

"Basi mbuzi akaja taratibu kwa nyuma..."

"Ngoja," mfalme alimkatiza. "Mbuzi ni mnyama gani?"